Kidato cha Nne Kimeisha, Chuo Gani Tumlipie Mtoto? Ulinganisho kwa Wazazi wa Mwanza

Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka Januari, nyumba nyingi za Mwanza huingia kwenye mjadala uleule. Baba anataka Kidato cha Tano kwa sababu anawaza shahada. Mama amesikia uuguzi una kazi. Mjomba aliyeko Geita anasema mpelekeni VETA, migodini wanatafuta mafundi. Mtoto mwenyewe huulizwa mwisho, fomu ikiwa imeshajazwa.

Kuuliza "chuo kipi kizuri" hakutawafikisha mbali, kwa kuwa kila chuo kina watoto kinaowafaa na wengine kinaowapotezea muda. Ulizeni hivi: chuo kipi tunaweza kumfikisha mtoto huyu hadi mwisho, na cheti chake kitamfungulia mlango gani baada ya hapo? Mwanafunzi anayekwama mwaka wa pili mara nyingi akili anazo. Kilichokosewa ni hesabu ya nyumbani, iliyopigwa kwa mwaka wa kwanza tu.

Vigezo tutakavyotumia

Njia zote tano hapa chini tunazipima kwa mambo yaleyale.

Kwanza ni sifa za kujiunga, yaani masomo aliyofaulu na kwa alama gani. "Amefaulu" peke yake haitoshi. Division III yenye D ya Kemia na Division III isiyo na Kemia kabisa ni watoto wawili wenye njia tofauti. Pili ni muda hadi cheti kinachoajirika. Tatu ni gharama yote, na hapo ndipo wengi hukosea. Ada ni sehemu tu. Ongeza bima ya afya ya mwanafunzi (NHIF, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka), ada ya udhibiti ubora, mitihani, sare au koti la maabara, vitabu, kodi ya chumba, chakula, nauli ya daladala na fedha ya kuishi wakati wa mafunzo kwa vitendo. Jumla hiyo izidishe kwa idadi ya miaka. Nne ni vitendo: mtoto atagusa kazi yenyewe kwa kiasi gani kabla ya kuhitimu. Tano ni mlango unaofuata, yaani uwezekano wa kuendelea hadi ngazi ya juu, na bodi ya taaluma itakayomsajili.

1. Kidato cha Tano na Sita, kisha chuo kikuu

*Sifa.* Anahitaji Division I hadi III yenye angalau C tatu, na ufaulu mzuri kwenye masomo matatu ya tahasusi, yaani mchanganyiko anaotaka kusoma. Matokeo yakishatoka, mfumo wa TAMISEMI hufunguliwa kwa muda ili mwanafunzi abadili tahasusi na vyuo alivyochagua akiwa bado shuleni. Tumieni nafasi hiyo. Wapo watoto waliojaza PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) wakiwa na matumaini makubwa, Fizikia ikaja D, kisha hakuna aliyerudi kurekebisha. Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa hadi 65, kwa hiyo mtoto asiyefaa kwenye sayansi tupu bado ana pa kwenda.

*Muda.* Ni miaka miwili ya sekondari ya juu, halafu mitatu hadi mitano ya shahada. Katikati wapo wanaoitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Udaktari wa binadamu katika Chuo Kikuu cha Sayansi za Afya cha Bugando (CUHAS) ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Shahada nyingi za biashara, elimu na mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT), Malimbe, ni miaka mitatu. Anayetaka kuwa wakili ajue kwamba baada ya shahada ya sheria bado kuna mafunzo ya uanasheria kwa vitendo Dar es Salaam.

*Gharama.* Tangu mwaka wa masomo 2022/23 Kidato cha Tano na Sita katika shule za serikali hakina ada. Kinachobaki ni vitu vya fomu ya maelekezo: sare, godoro, vifaa, na nauli hadi shule ya bweni ambayo inaweza kuwa Songea au Kilwa. Mzigo unakuja chuo kikuu. Bodi ya Mikopo hutoa mkopo kwa kupima uhitaji, na si kila mwombaji hupata ada yote. SAUT na CUHAS ni vyuo vya Kanisa Katoliki na ada zao si za chuo cha serikali, kwa hiyo ulizeni pengo kati ya mkopo na ada halisi litazibwa na nani. Mkopo hurejeshwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara. Huo si msaada wa bure, na mtoto aelewe hivyo kabla ya kusaini.

*Vitendo.* Ni kidogo hadi shahada ianze. CUHAS ina faida ya kukaa ndani ya Hospitali ya Rufaa ya Bugando, inayopokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa nzima.

*Mlango unaofuata.* Hii ndiyo njia fupi ya kufika shahada, lakini ina hatari moja: Kidato cha Sita peke yake si taaluma. Ili aombe shahada, mtoto anahitaji ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla isiyopungua pointi 4 (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1). Akikosa, ametumia miaka miwili na anarudi kuomba stashahada kama mwenzake aliyeanza mapema. Udaktari unadai kufaulu Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, na ushindani husukuma alama juu kabisa ya kiwango cha chini kilichoandikwa.

2. Stashahada ya afya

*Sifa.* Kwa utabibu na uuguzi wanatazama ufaulu wa angalau masomo manne, dini haihesabiwi, na ndani yake ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. D inakubalika kwenye karatasi, ila vyuo vya serikali hujaa kwa wenye alama za juu zaidi. Maombi ya kozi hizi hupita kwenye mfumo wa pamoja wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, kwa hiyo anayekuambia "leta hela nikuwekee nafasi" hana nafasi ya kuuza.

*Muda.* Miaka mitatu, kila mwaka ngazi moja ya tuzo za elimu ya ufundi (NTA): NTA 4, 5 na 6. Ulizeni kama anayeishia ngazi ya 4 au 5 anaweza kusajiliwa kufanya kazi, maana baadhi ya kozi hazina maana zikikatishwa njiani.

*Gharama.* Katika njia tano hizi, hii ndiyo inayowashtua wazazi zaidi. Vyuo vya afya vya binafsi hutoza juu, na orodha ya vifaa ni ndefu: sare za wodini, viatu, kipimo cha presha, kitabu cha kumbukumbu za vitendo, malipo ya hospitali ya mafunzo, mitihani ya wizara. Upande wa unafuu, tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inatoa mikopo kwa stashahada za fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Hakikisheni kozi ya mtoto imetajwa kwenye mwongozo wa mwaka husika.

*Vitendo.* Hapa vyuo hutofautiana kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo mzazi apeleleze. Mkoani kuna vyuo vilivyokaa jirani na hospitali, kama Sumve wilayani Kwimba, Bukumbi wilayani Misungwi, na Sengerema. Mwanafunzi anayefundishwa vizuri hupima presha na joto, huweka kanula ya dripu akisimamiwa, huhudhuria zamu ya usiku, na msimamizi hutia saini kitabu chake siku ileile. Chuo kilichopokea wanafunzi kupita uwezo utakijua wodini: kumi wamezunguka kitanda kimoja, mmoja anashika, tisa wanatazama, na vitabu vinajazwa vyote kwa mkupuo wiki ya mwisho. Muulizeni mkuu wa chuo maswali mawili. Mna mkataba na hospitali gani? Mwanafunzi hukaa wodini wiki ngapi kwa mwaka? Asiyeweza kujibu papo hapo ameshajibu.

Kwa anayesoma Sengerema, Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko, na safari ya kwenda kumtazama mtoto haili tena siku nzima.

*Mlango unaofuata.* Muuguzi hana budi kufanya mtihani wa usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na tabibu husajiliwa na Baraza la Madaktari. Bila leseni, cheti hakimwajiri. Kwa shahada, GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 ni ya chini kabisa, tena wanarudi kuangalia masomo ya sayansi ya Kidato cha Nne.

3. Vyuo vya biashara na uhasibu

Mwanza ina matawi ya vyuo vya serikali vinavyoheshimika: Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), Taasisi ya Uhasibu (TIA) na Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM).

*Sifa.* D nne zinatosha kuanza cheti cha awali. Ndiyo njia iliyo wazi kuliko zote kwa mtoto asiye na sayansi.

*Muda na gharama.* Mwaka mmoja wa cheti, kisha miwili ya stashahada. Ada zake kwa kawaida ni za chini kuliko afya, vifaa ni vichache, na mtoto anaweza kulala nyumbani. Anayeishi Igoma au Buhongwa na kupanda daladala ameokoa kodi ya chumba na nusu ya gharama ya chakula.

*Vitendo.* Mara nyingi huwa haba, na mzazi anaweza kuziba pengo mwenyewe. Mtafutieni likizo ya kwanza duka la jumla la maeneo ya Makoroboi au ofisi ya mhasibu, ajifunze kulinganisha daftari la stoo na mzigo uliopo, kutoa risiti ya mashine ya kodi (EFD), na kuandaa ritani ya mwezi ya TRA. Wahitimu wa uhasibu ni wengi. Anayeweza kukaa kwenye kompyuta ya mwajiri siku ya kwanza na kufanya kazi hizo ni wachache.

*Mlango unaofuata.* Ni mpana. Stashahada humwingiza kwenye shahada, na mhasibu hupanda kwa mitihani ya bodi ya wahasibu (NBAA) hadi CPA, cheti cha juu cha uhasibu. Anayesoma ununuzi na ugavi husajiliwa na bodi ya fani hiyo, PSPTB. Mtoto akiwa mvivu wa mitihani ya bodi, stashahada ya uhasibu peke yake itamweka kwenye foleni ndefu.

4. Vyuo vya ziwa na shamba

Wazazi wengi huviruka hivi, na sioni sababu nzuri ya kuviruka mkoa huu. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA) una kampasi Nyegezi, mwendo mfupi kutoka stendi ya mabasi, ufukweni kabisa. Ukiriguru, Misungwi, kuna chuo cha kilimo jirani na kituo cha utafiti kinachojulikana nchi nzima kwa mbegu za pamba. Pasiansi kuna Taasisi ya Taaluma za Wanyamapori, inayotoa askari na wasimamizi wa hifadhi. Hiyo ya mwisho ina ukakamavu wa kijeshi, kwa hiyo afya ya mwili ya mtoto ni sifa ya kujiunga kama vyeti.

*Sifa.* Ufaulu wa masomo manne, na kwa uvuvi na kilimo Biolojia au somo jingine la sayansi humpa nguvu.

*Muda na gharama.* Hadi miaka mitatu kwa stashahada. Ni vyuo vya serikali, ada zake zinabebeka, na kilimo na mifugo vimo kwenye fani za kipaumbele za mkopo.

*Vitendo.* Kwa uvuvi, tofautisheni kozi. Uchakataji wa samaki na udhibiti ubora ulikuwa na soko kubwa viwanda vya minofu ya sangara vilipokuwa vimejaa kazi. Malighafi imepungua na baadhi ya viwanda vimefunga, kwa hiyo nafasi ni chache kuliko zamani. Ufugaji wa samaki umekwenda kinyume: vizimba vya sato vimeongezeka ziwani, serikali imekopesha vikundi, na wanaovimiliki wanahitaji mtu anayejua.

Kujua huko kuna mambo yake. Chakula ndicho kinachokula zaidi ya nusu ya gharama ya kizimba, na mtu anayemwaga chakula kwa makisio anazamisha fedha ya mwenye mali kila asubuhi. Mtaalamu hupima uzito wa sampuli ya samaki, huhesabu mgawo kwa asilimia ya uzito huo, na hupima oksijeni ya maji kabla ya kulisha. Oksijeni ikishuka sana sato huacha kula. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yakipanda juu, kizimba kizima kinaweza kufa usiku mmoja. Mtoto anayeyajua hayo kwa mikono anaajirika, na akipata mtaji anajiajiri.

*Mlango unaofuata.* Shahada za sayansi ya majini na kilimo zipo vyuo vikuu vya mikoa mingine, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro, kwa hiyo kuendelea kunaweza kumaanisha kuhama.

5. VETA

*Sifa.* Kozi nyingi hazidai Division yoyote, na nyingine humpokea hata aliyeishia darasa la saba. Huo ni mlango uliopanuliwa makusudi. Tafadhali msimpeleke mtoto kama adhabu ya kufeli. Akifika Nyakato akijiona ametupwa, atashika bisibisi bila moyo.

*Muda.* Kozi fupi ni miezi michache. Kozi ndefu hupanda ngazi ya 1, 2 hadi 3 za tuzo ya ufundi stadi, kwa kukadiria mwaka kwa kila ngazi.

*Gharama.* Ndiyo nafuu kuliko zote. Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA vyenyewe imekuwa shilingi 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni kwa mwaka. Vyuo vya binafsi vilivyosajiliwa hutoza zaidi. Wekeni bajeti ya ovaroli, viatu vya usalama na sanduku la vifaa. Hilo sanduku msilikwepe, maana fundi umeme asiye na tesita na koleo zake akihitimu atakuwa msaidizi wa mwenye nazo.

*Vitendo.* Sehemu kubwa ya muda ni karakana. Changamoto ni nafasi: waombaji wa umeme na magari ni wengi. Uchomeleaji, mabomba na majokofu huwa na msongamano mdogo, na Mwanza yenye meli, reli ya kisasa inayojengwa kuelekea Isaka na migodi ya Geita kwa jirani ina kazi za chuma kila upande.

*Mlango unaofuata.* Mwenye ngazi ya 3 pamoja na cheti cha Kidato cha Nne anaweza kuingia njia ya NTA hata kama D zake hazikufika nne. Wazazi wachache wanalijua hili.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja

Angalieni jina la chuo kwenye orodha au mwongozo wa udahili wa NACTVET (au Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa chuo kikuu), kisha angalieni na kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa na usajili huku kozi mpya inayotangazwa redioni haina ithibati.

Ulizeni wahitimu wa mwaka uliopita kama wamepata namba ya uhakiki wa tuzo, ile AVN. Mhitimu wa stashahada haombi shahada bila hiyo, na NACTVET haiwezi kumpa kama chuo hakikuwasilisha matokeo yake. Hili huonekana miaka mitatu baadaye, ada ikiwa imekwisha kuliwa.

Linganisheni majina herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, matokeo ya NECTA, na NIDA kama anayo. "Neema" huku na "Nehema" kule vinatosha kukwamisha maombi ya mkopo, kwa kuwa Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Anzeni uhakiki Februari au Machi. Dirisha la mkopo likishafunguliwa foleni huwa kubwa.

Kwa chuo cha serikali, lipeni kwa kumbukumbu namba ya malipo (control number) pekee. Kwa cha binafsi, lipeni kwenye akaunti yenye jina la chuo, kamwe si kwenye simu ya mtu.

Nani aelekee wapi

Mtoto ana Division I au II, C za sayansi zimesimama, na nyumbani mnaweza kusubiri miaka saba au zaidi: Kidato cha Tano kina maana, hasa akilenga udaktari.

Ana sayansi za wastani, D na C, na familia inahitaji mtu wa kuanza kushika kazi ndani ya miaka minne: stashahada ya afya inamfaa, ilimradi ada ya miaka yote mitatu imeonekana. Ikiwa mna ya mwaka mmoja tu na mnategemea mavuno au biashara ya dagaa kwa iliyobaki, tazameni kwanza vyuo vya kilimo na uvuvi. Vinamchukua mtoto yuleyule kwa gharama ndogo.

Hana sayansi, anaelewa hesabu, anaweza kukaa nyumbani: CBE, TIA au IFM, pamoja na mpango wa kumtafutia kazi za likizo tangu mwaka wa kwanza.

Ana Division IV ya D mbili tatu, au anapenda kufungua na kufunga vitu kuliko kusoma: VETA hadi ngazi ya 3, kisha aamue kama anarudi darasani. Akitaka pia kurudia mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kozi ya kutwa humwachia jioni ya kusoma.

Na kama mzazi anataka kimoja, mtoto kingine, nendeni wote wawili kwenye vyuo vyote viwili siku ya kazi, si siku ya maonesho. Ombeni kuingia karakana, maabara au bwawa la samaki. Mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa pili mumuulize mara ya mwisho alishika kifaa lini, na tangu aanze ametozwa michango gani ambayo haikuwemo kwenye fomu.